Daftari la Bwana Mdogo

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Redio aliingia nyumbani kwa mlango wa mbele, na kila siku joto lilimpokea kabla ya watu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Baba yake alikuwa dobi, na mama yake alifanya kazi hiyo hiyo bega kwa bega naye. Meza mbili ndefu zilitandikwa mablanketi makuukuu, na juu ya kila meza palikuwa na pasi nzito ya umeme iliyotoa mvuke na kunguruma kidogo. Mashati yaliyokwisha kunyooshwa yalining'inia kwenye kamba ukutani kama watu waliopanga foleni.

Jina la Redio hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuna aliyewahi kumzima. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, hodari wa insha darasani, na walimu nao walimwita Redio, hata wakati wa kuita mahudhurio.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nawa mikono, ule, halafu mwangalie mdogo wako," alisema Mama bila kuinua macho kutoka kwenye shuka alilokuwa akilinyoosha.

Mdogo wake alikuwa mahali pake pa siku zote, ndani ya tenga. Lilikuwa tenga kubwa la kubebea nguo chafu, limewekwa pembeni mbali na pasi, na mto umetiwa ndani. Mtoto huyo waliyemwita Bwana Mdogo alipoanza kutembea, aliwahi kuvuta waya, na pasi ikaanguka kiganja kimoja tu kutoka kwenye mguu wake. Tangu siku hiyo alishinda tengani, simu ya Mama mikononi, akitazama katuni. Alikuwa akikaribia miaka mitatu. Hakulia, hakudai, na wateja wengi walimsifu kwa utulivu.

Bwana Mdogo alipomwona dada yake, aliinua kidole kuelekea kwenye rafu.

"Anataka maji," alisema Redio, na kikombe kikawa kimekwisha kufika mkononi mwa mtoto. Alikunywa, akakirudisha, akaendelea na katuni zake. Hakusema neno, na hapakuwa na haja ya neno.

Siku hiyo Msusi wa mtaa wa pili alikuwa amekuja kuchukua taulo zake. Alimtazama mtoto, akaweka mikono kiunoni.

"Dobi, huyu mwanao hata 'mama' hasemi? Au umempiga pasi mdomo?"

Alicheka mwenyewe kwa sauti. Mama alitabasamu kwa shida. Baba hakucheka. Alikuwa hajacheka kwa miezi minane, tangu walipomzika mama yake mzazi. Bibi ndiye aliyekuwa akikaa katikati ya zile meza mbili akikunja soksi, akizungumza na mjukuu wake, na mashati ya watu, na hata na pasi. Alipofariki, nyumba nzima ilinyamaza pamoja naye. Baba alipiga pasi asubuhi mpaka jioni, na maneno aliyoyatoa kwa siku yangeweza kuhesabiwa kwa vidole.

Lakini lile neno la Msusi halikuwatoka moyoni. Wiki iliyofuata walimpeleka Bwana Mdogo kliniki.

Kliniki walikutana na mtaalamu wa lugha ya watoto, mama mmoja mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni. Alimpima mtoto masikio, akampa vitu achezee, akamwagiza alete kiatu, na Bwana Mdogo akakileta.

"Masikio ni mazima," alisema Mtaalamu. "Na anaelewa mengi. Lakini kwa umri wake, maneno yamechelewa, na hatukai tukingoja yaje yenyewe." Alifungua kabati, akatoa daftari jembamba. "Hii ndiyo dawa yake. Nusu saa kila siku, mkekani, simu ikiwa mbali. Mcheze naye. Atakachosema, au atakachojaribu kusema, kiandikeni humu kama kilivyo. Baada ya wiki sita mrudi. Nina kundi la watoto sita linalokutana hapa kila Jumatano, na imebaki nafasi moja. Daftari hili ndilo litakaloniambia kama mtoto wenu anaihitaji."

Mama alimtazama Baba. "Sisi tumeshika pasi mpaka jua linazama," alisema. "Huyo muda tutautoa wapi?"

"Niachieni mimi," alisema Redio. "Kuongea ni kazi yangu."

Mtaalamu aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyetaka kuongeza jambo, lakini mlangoni palikuwa na watu wengi wakingoja.

Siku ya kwanza Redio alitandika mkeka chumba cha nyuma, akampangia mdogo wake vitu kama mwalimu: kikombe, kijiko, kiatu, chanuo.

"Hiki ni nini? Sema kikombe. Ki-ko-mbe."

Bwana Mdogo alichukua kijiko, akapiga nacho sakafu.

"Acha kijiko! Sema kikombe kwanza."

Mtoto alimpa mgongo. Jioni Redio aliandika: *Hajasema kitu.* Siku ya pili aliandika: *Amesema 'mm'.* Siku ya tatu: *Hajasema kitu. Amenirushia chanuo.* Siku ya nne: *'Mm' mara mbili.* Kila jioni Baba aliliomba daftari, akalisoma akiwa amesimama kando ya meza yake, akalirudisha bila kusema lolote.

Siku ya tano, Redio akiwa mkekani, alisikia filimbi ya vidole dirishani. Alikuwa Pilipili, rafiki yake, msichana mdogo wa umbo na mkali wa ulimi.

"Wee Redio! Mashindano ya kuruka kamba yamebaki mwezi mmoja na nusu, wewe umejifungia unafundisha ukuta kusoma!"

"Nina kazi na mdogo wangu."

"Mpe simu, bwana. Nusu saa tu. Kamba inamngoja nani?"

Redio alimtazama mdogo wake, akatazama dirisha. Alimpa simu, akaufunga mlango wa chumba taratibu, akapita uani. Aliruka kamba mpaka miguu ikawaka moto. Aliporudi alimkuta Bwana Mdogo palepale alipomwacha, macho kwenye katuni, na wazazi huko mbele hawajagundua kitu. Alichukua kalamu. Kuandika *hajasema kitu* kungekuwa kweli, lakini kungemfanya Baba aulize walicheza nini. Basi aliandika: *Amesema 'kikombe'.*

Jioni Baba alisoma. Alisoma mara ya pili. Kisha Redio aliona jambo ambalo hakuwa ameliona tangu siku ya mazishi. Pembe za mdomo wa Baba zilipanda.

"Kikombe!" alisema Baba. "Mama yake, umesikia? Amesema kikombe!"

Mama aliacha pasi, akaja mbio, akambeba Bwana Mdogo juu juu. Usiku huo, wakati wa kula, Baba alisimulia jinsi Redio mwenyewe alivyoanza kusema, na Mama alicheka mpaka akapaliwa. Redio alitafuna chakula bila kuhisi ladha yake. Alijiambia kwamba kesho atacheza naye kweli, na neno lile litakuwa limetangulia siku moja tu.

Lakini kesho yake Pilipili alipiga filimbi tena.

Ndivyo maneno yalivyoanza kuongezeka. *Amesema 'kiatu'. Amesema 'maji', akaonyesha kikombe. Amesema 'paka' dirishani.* Redio alikuwa fundi wa kutunga, na aliyatunga vizuri. Hakuweka maneno makubwa mno. Siku nyingine aliandika kwamba neno limetoka nusu, ili daftari lionekane la kweli. Na kila jioni Baba alikuwa akilingojea daftari kama mtu anayengojea barua. Alianza kupiga mluzi akinyunyizia mashati maji. Alianza kuwatania wateja. Msusi alipokuja, Baba alimwambia, "Ule mdomo nilioupiga pasi umeanza kufunguka."

Wiki ya tatu, Redio aliandika neno ambalo baadaye alitamani mkono wake ungekufa ganzi kabla ya kuliandika. Picha ya Bibi ilikuwa ukutani chumba cha nyuma. Alikuwa amechoka, hana neno jipya kichwani, akainua macho, akaiona. Akaandika: *Ametazama picha, akasema 'Bibi'.*

Baba alisoma. Aliweka daftari mezani polepole, akazima pasi, akatoka nje uani. Redio alimwona kwa upenyo wa pazia, amesimama kwenye kamba za kuanikia, anajifuta uso kwa ncha ya shuka lililolowa.

Aliporudi ndani, alichuchumaa mbele ya tenga. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "sema Bibi. Mwambie Baba. Bi-bi."

Bwana Mdogo alimtazama baba yake. Kisha aliinua kidole kuelekea kwenye rafu.

"Anaona haya mbele ya watu wazima," Redio aliharakisha kusema. "Na anataka maji."

"Haya," alisema Baba. "Nitangoja."

Kuanzia hapo Redio hakupata amani. Kila Baba alipopita karibu na tenga na kumwinamia mtoto, yeye aliacha alichokuwa akifanya na kusikiliza kwa hofu. Alimweleza Pilipili wakiwa njiani kutoka shule.

"Kwani kuna ubaya gani?" alisema Pilipili. "Ataongea tu siku moja. Mjomba wangu alichelewa kusema, na sasa ni dalali wa viwanja. Ukimpigia simu, salio linaisha yeye bado anasalimia."

"Na kama mdogo wangu hatakuwa kama mjomba wako?"

Pilipili alipiga jiwe teke.

Zilipobaki siku tatu kabla ya kurudi kliniki, Redio aliacha kamba kabisa. Alijifungia na mdogo wake, akakishika kikombe cha maji juu, mbali na mikono yake.

"Sema maji, nitakupa. Sema tu! Ma-ji!"

Mtoto alinyoosha mikono. Alinyoosha tena. Uso ulimkunjamana, akalia kilio cha kiu na cha kutoelewa. Redio alimpa maji haraka huku na yeye machozi yakimlengalenga. Kesho yake, alipotandika mkeka, Bwana Mdogo alipomwona alitambaa akajificha nyuma ya magunia ya nguo. Hilo lilimuuma Redio kuliko yote. Hakuwa amepata hata neno moja la kweli, na sasa mdogo wake alikuwa akimkimbia.

Siku yenyewe ilifika. Mama alibaki na mashuka ya nyumba ya wageni yaliyotakiwa mchana huo huo. Baba alivaa shati jeupe lililotiwa wanga mpaka likasimama lenyewe, akambeba Bwana Mdogo, na Redio akafuata na daftari.

Kwenye benchi la nje alikaa mama mmoja mwenye mtoto wa umri ule ule. Ndani, Mtaalamu aliwasalimia, akamweka Bwana Mdogo mkekani na vigari viwili vya mbao, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Redio alisikia kila karatasi ikigeuka.

"Maneno thelathini na moja," alisema Mtaalamu mwishowe. Alimtazama mtoto aliyekuwa akisukuma gari kimya. "Hapa sijamsikia, lakini ugenini watoto wengine huona haya. Hongera, Baba. Hii ni hatua kubwa sana."

"Ni huyu dada yake," alisema Baba, akamshika Redio bega.

"Basi nadhani hamtaihitaji nafasi ya Jumatano. Yule mama pale nje mtoto wake bado yuko nyuma. Nitampa yeye." Mtaalamu alivuta orodha iliyokuwa mezani, akachukua kalamu.

"Mpe, mpe kabisa," alisema Baba. "Wetu anakwenda vizuri. Hata bibi yake aliyetutoka amemtaja kwa jina."

Redio aliitazama kalamu. Akikaa kimya, hakuna atakayejua kamwe. Baba atarudi nyumbani akipiga mluzi. Na Bwana Mdogo atarudi tengani na simu yake, na hakuna mtu yeyote atakayemsaidia, kwa sababu watu wote wataamini kwamba amekwisha kusaidiwa. Ncha ya kalamu iligusa karatasi.

"Usiandike!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Bwana Mdogo aliacha gari lake. Mtaalamu aliinua uso.

"Si kweli," alisema Redio. "Maneno yale si kweli. Niliyatunga. Nilikuwa nampa simu naenda kuruka kamba, halafu naandika. Hajasema kikombe. Hajasema maji. Hana hata neno moja."

Mkono wa Baba ulikuwa bado kwenye bega la Redio, lakini ulikuwa mzito kama umesahauliwa pale.

"Yote?" aliuliza Baba.

"Kuanzia siku ya tano, Baba."

"Na lile..." alisema Baba. "Lile la picha?"

"Na lile, Baba. Hakulisema. Niliona umefurahi na yale mengine, ndiyo nikaandika na lile. Nisamehe."

Baba aliuondoa mkono wake. Alikwenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo. Mikono yake, ambayo ilizoea pasi ya moto siku nzima bila kutetemeka, ilitafuta mfuko wa suruali mara mbili kabla ya kuupata. Redio alitaka sakafu ipasuke immeze.

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Hakupiga kelele. "Umefanya kosa kubwa," alimwambia Redio, "na umelisema dakika moja kabla halijamgharimu mdogo wako. Nafasi ya Jumatano ni yake. Yule mama nitampa mazoezi ya nyumbani, na mwezi ujao nafungua kundi la pili." Kisha akageuka kuelekea dirishani. "Lakini na mimi nina swali, Baba. Ni nani aliyeamua kwamba kazi hii ibebwe na mtoto wa miaka kumi na miwili peke yake? Siku ile niliwaona, nikataka kuwauliza, sikuuliza. Kosa langu limo. Lenu je?"

Baba aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Limo," alisema. "Bibi yake ndiye aliyekuwa akizungumza naye. Alipoondoka, mimi... mimi sikuwa na maneno. Nikaona huyu anayo mengi, nikamwachia."

"Basi njooni huku chini wote wawili."

Mtaalamu aliteremka mkekani kwa taabu, magoti yakilia, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Bwana Mdogo. Alichukua gari la pili, akalisukuma kama mtoto alivyokuwa akisukuma lake.

"Mwulize hilo ni nini," alinong'ona Redio.

Mtaalamu aliweka kidole mdomoni. "Gari," alisema taratibu, kama anazungumza na nafsi yake. "Gari linakwenda." Gari liligonga goti lake, likapinduka. "Paa! Limeanguka." Akanyamaza. Akamtazama mtoto usoni, akangoja. Redio alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu... Alipofika tisa, Bwana Mdogo alilichukua gari lake, akaligongesha kwenye goti la Mtaalamu.

"Pa," alisema, kwa midomo tu, karibu bila sauti.

Baba alishika mdomo.

"Paa!" alijibu Mtaalamu kwa furaha. "Gari limeanguka!" Kisha akamwambia Redio, "Andika."

"Lakini hilo si neno."

"Ndilo alilolisema. Andika kama lilivyo." Alimngoja amalize. "Wewe ulikuwa ukimpa mtihani, mwanangu. Sema hiki, sema kile. Hata mimi ningejificha. Yeye achague mchezo, wewe umfuate, useme kidogo juu ya anachokifanya, halafu umwachie nafasi. Na akionyesha maji, msikimbilie kumpa; mpeni nafasi ajaribu kutoa hata sauti moja. Lakini msimwadhibu kwa kumnyima. Mngojeeni tu kidogo. Simu nayo huongea sana, lakini haimngojei ajibu."

Baba alimbeba Bwana Mdogo mpaka karibu na nyumbani. Hapo alisimama. "Sitakupiga," alisema. "Lakini Mama yako utamwambia wewe, kwa mdomo wako, yote. Na lile la picha."

Redio alimwambia. Mama alilia, akamgombeza, akalia tena, na siku mbili nzima alimjibu kwa mkato.

Jumapili Baba alihamisha meza. Alizisogeza zote mbili upande mmoja, akapigilia mbao akatenga nusu ya chumba, ili mtoto asifikie waya wala moto. Tenga likarudishiwa nguo chafu. Upande wa pili wa mbao walitandika mkeka, na vitu vya kuchezea vilikuwa vile vilivyokuwamo nyumbani: soksi za watu, vibanio vya nguo, boksi la sabuni lililo tupu. Redio alicheza na mdogo wake hapo kila alasiri, na Mama akampokea wakati wa kukunja nguo. Kamba aliruka baada ya hapo, si kabla.

Ila Baba alipata shida. Alisimama na pasi mkononi, akimtazama mwanawe kwa juu ya mbao, na midomo ikakataa.

"Sema tu unachokifanya, Baba," alisema Redio.

Baba alikohoa. "Hii... hii ni kola." Alitazama huku na huku kama aliyeshikwa akiiba. "Kola ya mwenye duka la viatu. Ngumu. Imekaza kama mwenyewe."

Mama aliangua kicheko. Bwana Mdogo aliinua kichwa, akamtazama baba yake.

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili. Daftari lilisomeka hivi: *'Pa' mara mbili. Hajasema kitu. Jumatano kundini alilia. Hajasema kitu. Amesema 'mm' akiomba kibanio.* Kila jioni Redio alilipeleka kwa Baba. Aliogopa kwamba wamechelewa. Jioni moja aliandika *Leo hajasema neno*, na mkono ulimwasha kuongeza kitu kidogo tu, nusu ya neno, ili uso wa Baba usianguke. Hakuongeza. Baba alisoma, akamrudishia.

"Asante," alisema.

Jumamosi ya wiki ya tatu ilikuwa siku ya mashuka. Mama alikuwa mezani. Baba na Redio walisimama mkekani wakikunja shuka kubwa, kila mmoja ameshika pembe mbili. Bwana Mdogo aliingia chini yake.

"Juu!" alisema Baba, wakalirusha shuka likajaa upepo. "Chini!" Likamfunika mtoto, akacheka kwa ndani kama kuku aliyefunikwa kapu.

Walifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne shuka likiwa juu, Redio alitaka kulishusha, lakini Baba alitikisa kichwa. Wakangoja. Mikono ilianza kuuma. Mtoto, chini ya kile kivuli cheupe, alimtazama baba, akamtazama dada. Mama alikuwa ameinua pasi na hakuiteremsha. Redio alihesabu mpaka kumi, akaanza upya. Kidole cha Bwana Mdogo kilipanda juu, kikayumba, kikashuka. Kisha akafungua mdomo.

"Tena," alisema.

Shuka lilibaki hewani.

"Nani amesema?" alinong'ona Mama.

"Tena!" alisema Bwana Mdogo kwa nguvu, kama anayewashangaa watu wazito wa kusikia.

"Tena!" alipaza Baba, shuka likashuka, likapanda, likashuka, Mama akaja mbio akaingia chini yake pamoja na mwanawe.

"Shuka la watu hilo!" alisema akicheka na machozi. "Mnalichafua!"

"Tutalifua," alisema Baba. "Kwani sisi ni nani?"

Walipochoka walikaa mkekani wote wanne. Baba alimvuta Redio karibu.

"Yale maneno thelathini na moja yalinifurahisha," alisema. "Sitakuficha. Lakini kila nilipoyasoma niliona hapana kazi iliyobaki kwangu, na huku mdogo wako yuko peke yake ndani ya tenga. Siku uliyosema kweli uliniumiza, mwanangu, na siku hiyo hiyo ndiyo iliyonikalisha mkekani. Mtoto hujifunza kusema kwa watu wanaocheza naye na kumngoja. Na sisi hatuwezi kumsaidia kama hatuambiani yaliyopo, hata yakiwa ni 'hajasema kitu'. Ukumbuke hilo utakapokuwa mkubwa una watoto wako."

"Nitakumbuka, Baba."

Bwana Mdogo alikuwa amekwisha kusimama. Alilivuta shuka kwa mikono miwili mpaka likaangukia miguuni pa baba yake, akatazama juu, na sasa akawangoja wao.